Nakala Zilizolala: Je, Tunachapisha Vitabu Kupita Kiasi?

Mtaala unapobadilishwa, mchapishaji wa vitabu vya shule huanza kuhesabu hasara kabla hajaumaliza waraka wa wizara. Nakala zilizokuwa bidhaa jana, leo ni karatasi tu. Kenya ilipouacha mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na kuuingiza mtaala wa umilisi darasa baada ya darasa kuanzia 2019, vitabu vya zamani vilikufa kwa zamu, mwaka hadi mwaka, mpaka watahiniwa wa mwisho wa KCPE walipofanya mtihani wao 2023. Tanzania nayo ilianza kutekeleza mitaala mipya Januari 2024. Sehemu ya nakala hizo hubaki ghalani zikila kodi, sehemu huuzwa kwa kilo, na nyingine huishia kufungia karanga na maandazi.

Anayeziona nakala hizo zimerundikwa hadi darini atakuambia bila kusita kwamba tunachapisha kupita kiasi. Lakini tembea umbali mfupi kutoka ghala hilo, uingie duka la vitabu na uulizie riwaya ya Kiswahili iliyotoka miaka mitano iliyopita. Mara nyingi hutaipata. Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi Oktoba 2021, hakuna hata riwaya yake moja iliyokuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, ilhali yeye ni mzaliwa wa Unguja na hadithi zake zimejaa pwani hii. Ilibidi tusubiri hadi 2022, Mkuki na Nyota walipotoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Lugha ambayo UNESCO inasema ina wazungumzaji zaidi ya milioni 200 ilimngoja mwandishi wake mkubwa asifiwe kwanza Stockholm.

Basi tuna ziada na upungufu, tena katika mji mmoja na mwaka mmoja. Uchambuzi wowote wa biashara ya vitabu unaosahau mojawapo kati ya hivyo viwili utatupoteza. Hoja yangu ni kwamba Afrika Mashariki haijawahi kuwa na vitabu vingi mno. Tulicho nacho ni nakala nyingi mno za vitabu vichache, zilizochapwa kwa ajili ya mnunuzi mmoja. Hofu ya ziada inayotikisa nchi nyingine imezaliwa na mambo tofauti, na tukiiazima jinsi ilivyo tutatibu ugonjwa usio wetu.

Hofu yenyewe ni ya kale. Mwaka 1545 Conrad Gessner, mtaalamu wa Zürich, alitoa orodha kubwa ya vitabu vilivyojulikana wakati wake, na humo humo akalalamikia wingi wao, ingawa mashine ya kuchapia ya Gutenberg ilikuwa na umri wa karibu miaka mia moja tu. Mwanafalsafa Leibniz naye, katika miaka ya 1680, aliogopa kwamba lundo la vitabu lililokuwa likikua bila kukoma lingeurudisha ulimwengu wa elimu kwenye ujinga. Watu hao walikuwa wasomaji wakubwa kupindukia, na walichokiogopa ni uhaba wa muda wa msomaji. Mchapishaji wa leo anaogopa kitu kingine: fedha zilizofungwa kwenye karatasi ambayo haijapata mnunuzi.

Marekani ndiko mahali pazuri pa kuitazama hofu hiyo ya pili. Katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, maduka ya vitabu yaliogopa kuagiza chochote, na wachapishaji wakayashawishi kwa ahadi kwamba nakala zisizouzwa zingeweza kurudishwa na fedha kurejeshwa. Ilikuwa dawa ya dharura. Dharura ikapita, dawa ikabaki, na mpaka leo muuza vitabu wa Marekani huagiza akijua kwamba hasara ya kukosea si yake. Mchapishaji huzipokea nakala zake zikiwa zimechubuka, huziuza kwa bei ya kutupa au kuzipeleka zikasagwe upya. Kwa hiyo nakala kuondoka ghalani si sawa na kuuzwa. Mhasibu wa kampuni ya vitabu anaweza kukaa miezi mingi bila kujua kama mwaka umekuwa mzuri au mbaya.

Mwaka 2022 mahakama moja ya Washington ilisikiliza kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni ya uchapishaji ya Penguin Random House, iliyotaka kuinunua Simon & Schuster kwa takriban dola bilioni 2.2. Jaji Florence Pan aliuzuia ununuzi huo tarehe 31 Oktoba. Faida kubwa kwetu sisi tulio nje ni hesabu zilizofunuliwa mle ndani. Kati ya vitabu vya kampuni hiyo kubwa kuliko zote, asilimia 35 tu ndivyo vinavyoleta faida. Na kati ya hivyo vyenye faida, asilimia 4 pekee ndivyo vinavyoingiza asilimia 60 ya faida yote. Mchapishaji wa namna hiyo yuko katika hali ya mtu anayenunua tiketi nyingi za bahati nasibu: hajui ipi itashinda, anachojua ni kwamba akinunua chache atakosa. Ndiyo maana kumwambia apunguze vitabu ni kumwomba apunguze nafasi zake za kupona.

Japani inaonyesha jambo hili likifika ukingoni. Huko wasambazaji wakubwa huchukua vitabu vipya kutoka kwa mchapishaji na kumlipa sehemu kubwa ya fedha mapema, kisha nakala zisizouzwa zinaporudi, mchapishaji hudaiwa. Alipe kwa kitu gani? Kwa fedha za vitabu vipya atakavyopeleka mwezi unaofuata. Mauzo ya vitabu na majarida nchini humo yalifika kileleni 1996, kisha yakaanza kushuka. Hata hivyo idadi ya vitabu vipya iliendelea kupanda kwa miaka. Wasomaji hawakuongezeka na waandishi hawakupata wazimu wa kuandika. Kilichoongezeka ni madeni, na kitabu kipya kikawa njia ya kulipia kitabu cha jana. Hiyo ndiyo ziada halisi, na inafaa tuikumbuke tunapokuja kwetu, kwa sababu kwetu hakuna utaratibu huo. Muuza vitabu wa Mwanza au Kisumu akikosea kuagiza, mara nyingi hasara ni yake, na kwa sababu hiyo haagizi kitu ambacho hakina mtihani nyuma yake.

Sasa tufanye hesabu ya kitabu kimoja. Tarakimu ninazotumia ni za mfano, za kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda, na mchapishaji yeyote wa Dar es Salaam anaweza kuweka zake. Tuseme riwaya ya kurasa 200. Kuna gharama ambazo hazibadiliki hata ukichapa nakala moja: kuusoma mswada na kuutathmini, uhariri, usomaji wa prufu, upangaji wa kurasa, jalada. Tuziweke shilingi milioni 6. Kisha kuna gharama za kila nakala, yaani karatasi, wino, kuunganisha na usafiri wa kutoka kiwandani. Kwa mashine kubwa za ofseti tuseme 3,000 kwa nakala. Bei ya dukani ni 15,000. Muuza vitabu akichukua asilimia 35, mchapishaji anabaki na 9,750. Mwandishi akilipwa mrabaha wa asilimia 10 ya fedha hiyo, zinabaki 8,775.

Ukichapa nakala 3,000 umetumia milioni 15, na lazima uuze nakala zisizopungua 1,710 ndipo urudishe fedha yako. Ukichapa 10,000 gharama ya kila nakala inashuka hadi 3,600, jambo linalopendeza sana kwenye karatasi, lakini umetumia milioni 36 na sasa unahitaji kuuza nakala zaidi ya 4,100 kabla ya kuona senti. Hapo ndipo ghala linapozaliwa. Mchapishaji hakuchapa nyingi kwa kiburi. Alichapa nyingi kwa sababu kila nakala ya ziada ilionekana rahisi.

Basi achape chache, utasema, siku hizi kuna mashine za dijitali. Achape 500. Kwa dijitali tuseme kila nakala ni 6,000, kwa hiyo jumla yake, pamoja na zile milioni 6 za mwanzo, ni milioni 9. Akiziuza zote, hata moja isibaki, anapata chini kidogo ya milioni 4.4. Amepoteza zaidi ya nusu ya fedha yake kwa kitabu kilichouzwa chote. Ghala lake ni safi, halina nakala hata moja iliyolala, na bado anakwenda kufilisika.

Nimeikalia hesabu hii kwa sababu ndiyo kiini cha mambo yote. Teknolojia ya kuchapa nakala chache imeondoa tatizo la ghala. Haijagusa gharama ya kukifanya kitabu kiwe kitabu. Na hapa kuna jambo linalonihuzunisha. Chukua mwandishi anayejichapishia mwenyewe. Hana mhariri, jalada amefanyiwa na kijana wa steshenari, kurasa amezipanga usiku kwenye kompyuta yake. Gharama zake za mwanzo ni milioni 1. Anachapa 500 kwa milioni 3, na anaziuza mwenyewe mkononi, kanisani, kwenye semina na kwa simu, kwa bei kamili ya 15,000. Anaingiza milioni 7.5 na kubaki na milioni 3.5 mfukoni. Soko limemlipa kwa sababu hakuhaririwa. Mchapishaji aliyefanya kazi yake yote kwa uaminifu kwa idadi ile ile ya nakala amepata hasara. Tukilalamika kwamba siku hizi kila mtu anatoa kitabu na vingi ni vibovu, tukumbuke kwamba hesabu ndiyo inayowaelekeza watu huko. Uvivu wao si sababu kuu.

Ni nani basi anayeweza kununua nakala 4,000 au 10,000 za kitabu kimoja? Katika Afrika Mashariki jibu limekuwa lile lile tangu uhuru: shule. Na nyuma ya shule, serikali.

Tanzania Publishing House ilianzishwa 1966 kwa ubia wa serikali na Macmillan, Jomo Kenyatta Foundation ikaanzishwa mwaka huo huo Nairobi, na East African Publishing House ilikuwa imetangulia mwaka mmoja. Zote zilitegemea kwamba kitabu cha shule kitalipia riwaya, ushairi na historia. Kwa muda ilikuwa kweli. TPH chini ya Walter Bgoya, aliyeiongoza kuanzia 1972, ndiyo iliyoshiriki kutoa mwaka huo kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kitabu ambacho bado kinasomwa duniani kote. Lakini miaka ya 1980 ilipokuja na uhaba wa fedha za kigeni, serikali haikuwa na cha kununulia, karatasi ikawa adimu, na mchapishaji aliyekuwa na mnunuzi mmoja akabaki hana hata huyo. Wataalamu wa wakati ule waliiita hali hiyo njaa ya vitabu.

Mwaka 1991 Tanzania ilibadili sera na kuruhusu wachapishaji binafsi kutoa vitabu vya kiada. Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota mwaka huo huo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania nao ukaanza kwa msaada wa Wakanada. Mradi huo ulikuwa na wazo moja zuri sana. Mchapishaji wa hadithi ya watoto ya Kiswahili alihakikishiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala atakazochapa zitanunuliwa na kupelekwa kwenye maktaba za shule, na zinazobaki aziuze mwenyewe dukani. Uhakika huo ulilipia gharama za mwanzo. Hadithi nyingi nzuri za watoto zilizoko leo zisingekuwepo bila mpango huo.

Kwa upande wa vitabu vya kiada, wachapishaji walishindana, vitabu vikapitishwa na kamati ya ithibati, EMAC, na shule zikachagua. Mwaka 2012 fedha zilizorejeshwa na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kutokana na biashara yake tata ya kuiuzia Tanzania rada, pauni milioni 29.5, ambazo wananchi walizipa jina la chenji ya rada, zilielekezwa kwenye vitabu vya shule za msingi na madawati. Mitambo ikaunguruma usiku na mchana. Mwaka uliofuata, baada ya mjadala mkali bungeni kuhusu ubora wa vitabu, EMAC ikavunjwa, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania: somo moja, kitabu kimoja. Aliyekuwa amechapa akitarajia kuuza kwa miaka mitano alijikuta na bidhaa isiyo na soko. Sipuuzi hoja ya serikali. Vitabu vilikuwa na makosa, na mtoto wa Nanjilinji ana haki ya kitabu sahihi sawa na wa Oysterbay. Ninachosema ni kwamba uamuzi mmoja wa ofisi moja uliweza kugeuza maghala ya sekta nzima kuwa ya karatasi taka, na sekta inayoweza kufanyiwa hivyo haiwezi kuthubutu kuchapisha ushairi.

Kenya ilipita njia nyingine ikafika karibu pale pale. Elimu ya msingi ilipokuwa ya bure mwaka 2003, fedha zilikwenda shuleni, na walimu wakachagua vitabu kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa, maarufu kama Orange Book. Duka la vitabu la kila mji mdogo liliishi kwa oda hizo, na kwa faida hiyo liliweza kuweka rafuni riwaya tatu nne. Januari 2018 serikali ikaanza kununua moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kupeleka shuleni. Bei ya nakala ilishuka sana na lengo la kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi likakaribia. Hayo ni mafanikio, tena makubwa. Gharama yake ililipwa na wauza vitabu wa miji midogo, waliopoteza kazi iliyowaweka wazi mwaka mzima. Mchapishaji naye akabaki na mdaiwa mmoja, na mwishoni mwa 2024 wachapishaji wa Kenya walikuwa wakilia hadharani juu ya mabilioni ya shilingi waliyokuwa hawajalipwa.

Kilichobaki kwa fasihi ni mlango wa mtihani. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa, kama *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora kwa watahiniwa wa KCSE, au kama *Takadini* na *Watoto wa Mama N'tilie* kwa kidato cha nne Tanzania, huuzwa kwa wingi kwa miaka. Isiyoteuliwa inaweza kufa na nakala mia chache. Mwandishi anayejua hivyo huanza kuandika huku akimtazama mteuzi begani, na mchapishaji huurudisha mswada wenye kurasa nyingi au mapenzi mengi. Nakala za riwaya teule nazo huchapwa kwa makadirio ya juu, wezi wa hakimiliki nao huchapa zao bandia, na siku uteuzi unapobadilika zote hulala. Hapo ndipo tunapozalisha kupita kiasi.

Mtu atasema: labda watu hawasomi, ndiyo maana serikali imebaki peke yake. Nalikataa hilo kwa ushahidi. Miaka ya 1970 na 1980, katikati ya uhaba wote ule, riwaya pendwa ziliuzwa barabarani na kwenye vituo vya mabasi. Elvis Musiba alitoa *Kufa na Kupona* mwaka 1974, na Ben Mtobwa aliandika, akaanzisha Heko Publishers na kuwafikia wasomaji ambao hakuna mwalimu aliyewalazimisha. Baadaye hadithi za mfululizo za Eric Shigongo ziliuza magazeti wiki baada ya wiki. Watu walinunua gazeti ili wajue nini kimempata mhusika. Wasomaji hao walilipa bei ndogo, mara nyingi, na kwa kitu kilichowafikia mahali walipo. Hadithi ile ile ikifungwa ndani ya jalada kwa shilingi 15,000 na kuwekwa kwenye duka lililo kilomita mia mbili kutoka nyumbani kwao, wanatoweka kwenye takwimu zetu na tunawaita watu wasiosoma.

Na bei hiyo hupandishwa na mengine pia: Kenya mwaka 2013 ilianza kutoza VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu, na wachapishaji wameipinga tangu siku hiyo. Karatasi nayo tunaagiza. Kiwanda cha Webuye, kilichoanza kazi 1974, kilifungwa 2009. Kile cha Mgololo, Mufindi, kiliuzwa kwa mwekezaji. Dola inapopanda, riwaya ya Kiswahili hupanda nayo.

Kuna pia ziada inayotujia kutoka nje. Vitabu ambavyo Uingereza na Marekani hazikuweza kuviuza, au ambavyo maktaba zao zimeviondoa, husafiri. Book Aid International, iliyoanza London mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly Library Service, na Books for Africa ya Minnesota iliyoanza 1988, zimeleta mamilioni ya nakala barani. Nimeona shule ambazo rafu yao yote ni ya vitabu hivyo, na walimu wanaoshukuru kwa dhati. Nao wanastahili kushukuru. Lakini shule iliyojaza rafu kwa Kiingereza bila kulipa haina haraka ya kununua hadithi ya Kiswahili kwa fedha, na mchapishaji wa Dar es Salaam hawezi kushindana na bei ya bure. Jijini Nairobi, vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia, kwenye zile "inama bookshop", vimewalea wasomaji wengi, na pia vimewazoesha kwamba riwaya nzuri ni ya Kiingereza na ni ya shilingi 100. Shehena hiyo inaanzia kwenye ule utaratibu wa kurudisha nakala nilioueleza. Ziada yao inapunguza soko letu, na sisi tunaogopa ziada yetu.

Kuhusu akili mnemba nitasema machache. Septemba 2023 Amazon iliweka kikomo: mtu mmoja asipakie kwenye duka lake la kujichapishia zaidi ya vitabu vitatu vipya kwa siku. Kikomo kinachoruhusu vitabu vitatu kwa siku kinatosha kueleza ukubwa wa wimbi. Kwa Kiswahili wimbi hilo bado ni dogo, ila litakuja, kwa kuwa gharama ya mwanzo ya kitabu kilichoandikwa na akili mnemba ni karibu sifuri na tumekwisha kuona soko linavyomtuza anayepunguza gharama hiyo. Litakapofika, kitu adimu kitakuwa mtu anayeaminika kusema hiki kinafaa kusomwa: mhariri, mkutubi, mhakiki wa gazeti, muuza vitabu anayesoma anachouza. Watu hao ndio tuliowapunguza kwa miaka 30.

Norway ilikabili jambo linalofanana na letu mwaka 1965. Ilikuwa nchi ya watu wasiofika milioni 4, na riwaya ya Kinorwe ilikuwa ikishindwa na hesabu ile ile ya gharama za mwanzo. Baraza lao la Utamaduni likaanza kununua nakala 1,000 za karibu kila kitabu kipya cha fasihi kilichokidhi ubora, na kuzigawa kwa maktaba za umma nchi nzima. Halikuchagua kitabu kimoja cha kununua nakala milioni. Lilinunua vingi kidogo kidogo. Irudie hesabu yetu ya shilingi kwa utaratibu huo: nakala 1,000 zikiwa na mnunuzi wa uhakika, mchapishaji wa ile riwaya ya kurasa 200 anarudisha karibu milioni 9 kati ya milioni 15 alizotumia kwa nakala 3,000, na zimebaki nakala 2,000 za kutafutia riziki. Anaweza kumlipa mhariri. Anaweza hata kujaribu mwandishi asiyejulikana.

Tunao msingi wa kuanzia. Huduma za Maktaba Tanzania ziliundwa kwa sheria ya 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam 1967. Kenya ina mtandao wake wa maktaba, ambao kwa Katiba ya 2010 kaunti nazo zina wajibu juu yake. Kinachokosekana ni bajeti ya kununua vitabu vipya vya ndani kila mwaka, bajeti inayojulikana mapema na isiyotegemea mfadhili. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, inaahidi kuchapwa kwa miswada iliyoshinda na kusambazwa shuleni. Naiunga mkono kwa moyo wote. Naomba tu isiishie kwa washindi. Mswada ulioshika nafasi ya kumi unahitaji zaidi nakala mia tano kwenye maktaba za wilaya kuliko ule wa kwanza unavyohitaji nakala elfu hamsini.

Na kuna soko ambalo tulikuwa nalo tukalipoteza. East African Literature Bureau, iliyoanza Nairobi 1948, ilichapa kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Nakala 3,000 za riwaya ya Kiswahili ziligawanywa katika nchi nne. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ulipofunguliwa tena 1983 kila nchi ilikwisha kuzoea kuchapa kwa ajili yake peke yake. Leo mpaka uko wazi na Jumuiya imerudi, imepanuka hadi Kongo, lakini msomaji wa Mombasa bado hupata kitabu cha Dar es Salaam kwa kumwagiza dereva wa basi, na wa Bukavu au Bujumbura kwa kubahatisha. Kusafirisha maboksi ni ghali, na si lazima. Mchapishaji wa Dar es Salaam anaweza kumuuzia mwenzake wa Nairobi haki ya kuchapa toleo la Kenya, naye akachukua yale mafaili yaliyokwisha kuhaririwa na kupangwa, akachapa nakala 1,000 kule kule na kulipa mrabaha. Zile milioni 6 za mwanzo zinalipwa mara moja na kugawanywa kwa masoko mawili, matatu, manne. Wachapishaji wanaweza kuanza kesho, kwa mkataba wa kurasa chache na ahadi ya kuonyeshana hesabu za mauzo kila baada ya miezi sita.